Kukhu Alipiga Kigelegele, Nami Sikugeuka

Kukhu, nyanya yangu, alikuwa ameketi kwa hema la mwisho siku ya mahafali, kiti cha pembeni kabisa karibu na zulia jekundu, kwa sababu nilikuwa nimemwambia binamu yangu amweke hapo ndio nikipita anione vizuri. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisa na leso ya kijani mabegani, na mkononi alishika shada la karatasi zinazometameta ambalo alinunua pale getini baada ya kuvutana bei na muuzaji mpaka muuzaji akachoka. Hayo ya shada niliambiwa baadaye. Mimi mwenyewe nilichoona ni kijani tu kwa pembe ya jicho.

Bendi ya magereza ilikuwa inapiga. Mikono yangu yote miwili, ndani ya glovu nyeupe, ilikuwa imeshika siwa ya chuo, kile kijiti cha heshima kinachotangulia wakubwa. Nyuma yangu hatua kama 5 hivi alikuwa VC, yaani naibu chansela, na nyuma ya VC chansela mwenyewe na joho lake lenye nakshi za dhahabu. Halafu nikasikia kigelegele. Kimoja, kirefu, cha mtu mmoja, kile cha Kukhu ambacho ningekijua hata ningekuwa katikati ya soko la Lubao siku ya soko.

Kisha nikasikia sauti ya kijana wa itifaki. "Shosho, tafadhali nyamaza. Chansela anapita."

Kigelegele kikakatika katikati.

Sikugeuka.

Nilipita mbele ya nyanya yangu, mwanamke aliyenilea tangu nikiwa na miaka 4, nikapita kama mtu asiyemjua, macho mbele, kidevu juu, na nikaendelea hadi jukwaani. Hiyo ilikuwa Desemba. Wiki 6 sasa na bado hiyo sauti iliyokatika iko kwa masikio yangu, nikiosha vyombo iko, nikiwa kwa matatu iko, na nimeona heri niandike.

Vile nilifika huko mbele

Mimi hufanya kazi maabara ya kemia kwa chuo kimoja huku magharibi. Sio mhadhiri. Kazi yangu ni kupima, kuosha, kuchanganya, kuandaa meza kabla wanafunzi waingie na kuhesabu chupa wakishatoka. Mzee aliyekuwa akibeba siwa kwa miaka mingi alistaafu mwezi wa sita, na siku moja nikaitwa ofisini nikadhani ni mambo ya vifaa vilivyopotea. Kumbe walikuwa wanatafuta mtu wa kumrithi. Madam aliyeniita akaniambia, wewe hubeba glasi za asidi kutwa nzima na hatujawahi kusikia umeangusha, tunataka mkono kama huo.

Nilikubali hapo hapo. Sitadanganya, nilifurahi sana. Nilipiga simu nyumbani Shinyalu kabla hata sijafika maabara.

Mzee alikuja kunifundisha mara 3, uwanjani jioni wakati hakuna watu. Siku ya kwanza hakuniruhusu niguse siwa yenyewe, alinipa mpini wa jembe nikatembea nao kwenda na kurudi mpaka miguu ikaelewa. Polepole kuliko unavyofikiri, alisema, halafu punguza tena kidogo. Alikuwa na mambo yake aliyoshikilia. Siwa haigusi chini. Siwa haipewi mtu kwa mkono mmoja. Na lile lililonikaa kichwani: "Ukishaishika wewe si mama wa mtu wala mtoto wa mtu. Hakuna kusalimia. Hakuna kutabasamu. Watu wanaangalia siwa, hawakuangalii wewe."

Niliona ni maneno mazuri wakati huo. Hata niliyaandika kwa simu.

Usiku wa kuamkia sherehe niliachiwa niisafishe. Niliiweka juu ya taulo kwenye meza ya maabara, nikatoa Brasso na kitambaa. Kijiti chenyewe ni mti wa mvule, mzito, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na kichwa ni shaba yenye nembo ya chuo. Nilipokuwa nikifuta nikaona kitu sikuwa nimekiona uwanjani. Vanishi ya ule mti imelika sehemu mbili. Moja chini kidogo ya kichwa, nyingine karibu nusu ya kijiti, na kwenye ile ya chini unaona kabisa vidole 4, mti umekuwa mwepesi rangi, laini kama mpini wa mwiko wa zamani. Ni mikono ya mzee. Miaka yake yote iko hapo. Niliweka mikono yangu juu ya alama zake na haikuenea, yangu ni midogo, kidole changu cha mwisho kilibaki juu ya vanishi ambayo haijaguswa na mtu.

Nilikaa hapo muda, harufu ya Brasso imejaa chumba, nikawaza huyu mtu ametembea mbele ya machansela wote hao na hakuna hata picha moja ambayo jina lake limeandikwa chini.

"La kupiga nani?"

Jioni ya ile siku tulikula nyumbani, kuku na ubwabwa na obusuma, ugali wetu, watu wengi, kwa sababu mdogo wa binamu yangu ndiye alikuwa amefuzu, shahada ya ualimu. Joho lilikuwa limepita kwa kila mtu, hadi watoto wamelivaa wakapigwa picha. Kukhu alikuwa amenyamaza. Nilikuwa namwogopa kidogo. Nilitarajia aniulize mbona nilimpita.

Akaniuliza kitu kingine kabisa. "Sasa lile rungu ulilobeba ni la kupiga nani?"

Watu walicheka, mimi pia nikacheka, lakini yeye hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kujua. Mwanamke anabeba rungu mbele ya wanaume wakubwa, bendi inapiga, askari wamesimama, na mwisho wa yote rungu linalazwa mezani na halipigi mtu. Nikaanza kumjibu nikagundua sina jibu. Nilisema ni ishara ya mamlaka. Akasema eeh. Ile eeh ya mtu ambaye hajajibiwa.

Basi nikaanza kutafuta, usiku kwa usiku, na ukweli ni kwamba Kukhu aliuliza swali sahihi. Ni rungu. Ulaya ya zamani hiyo ilikuwa silaha, chuma cha kuvunjia kofia ya vita ya adui na kichwa kilicho ndani yake. Walinzi wa wafalme walitembea nayo mbele ya mfalme kusudi ukija vibaya upatikane. Pole pole vita vikabadilika, silaha ikapambwa kwa fedha na dhahabu, upande wa mpini ukawekwa taji na nembo mpaka huo ndio ukawa kichwa, na mwisho ikawa inatembea tu. Mabunge yakaichukua. Miji ikaichukua. Vyuo vikuu navyo vikaichukua mapema sana. Chuo cha St Andrews kule Scotland, kilichoanza 1413, bado kina siwa 3 za karne ya 15, na moja yao ilitengenezwa Paris mwaka wa 1461. Bado zinatolewa siku za sherehe. Yaani kuna mtu huko anashika kitu chenye zaidi ya miaka 500 na labda naye anaambiwa asigeuke.

Hata majoho ni hivyo hivyo. Walimu na wanafunzi wa vyuo vya kwanza vya Ulaya walikuwa watu wa kanisa, walisomea kwa majumba ya mawe yenye baridi, wakavaa nguo ndefu nzito, na ile kofia ya kitambaa tunayoning'iniza mgongoni ilikuwa kofia ya kweli ya kufunika kichwa. Sisi tunaivaa saa sita mchana, Desemba, jua la Kakamega liko utosini. Kwa ile dakika chache ya zulia jekundu mgongo wangu ulikuwa umelowa wote.

Kwetu ilifika kupitia London. Makerere na baadaye Nairobi zilikuwa zinafundisha watu wafanye mitihani ya shahada za University of London, kwa hivyo sherehe nayo ilikuja na mitihani. Mwaka wa 1963 ikaundwa University of East Africa, na chansela wake akawa Nyerere. Ikavunjwa 1970, kila nchi ikachukua chuo chake, na Nairobi chansela akawa Mzee Kenyatta, halafu Moi, na ikawa hivyo kwamba rais ndiye chansela wa kila chuo cha umma mpaka Kibaki alipoingia na kuachia wengine.

Na hapo nikasimama kidogo, kwa sababu waangalie hao watatu wa mwanzo. Nyerere na kifimbo chake. Kenyatta na usinga wake. Moi na rungu lake. Huwezi kuwakumbuka mikono mitupu. Tulipomzika Moi pale Kabarak Februari 2020 moja ya mambo watu walikodolea macho ni rungu kukabidhiwa mwanawe Gideon, na hakuna mtu alihitaji kuelezewa maana yake, kuanzia Nakuru hadi Busia kila mtu alielewa. Kwa hivyo ile hoja ambayo nilikuwa nimeanza kujijengea, kwamba haya ni mambo ya wazungu tu na sisi tunaigiza, ilianza kunilegea mkononi. Kitu cha kushika mbele ya watu tulikuwa nacho. Kila ukoo hapa ulikuwa na mzee na fimbo yake.

Lakini bado swali la Kukhu. La kupiga nani.

Anayetangulia na anayekuja nyuma

Wacha nieleze vile tunapangwa, kwa sababu wazazi wengi hukaa mbali na huona vichwa tu.

Wanaofuzu huingia kwanza na kuketi. Halafu wahadhiri kwa vitivo vyao, halafu wakuu wa vitivo, seneti, baraza, wageni, na kadiri mstari unavyosonga ndivyo majoho yanavyozidi rangi na kofia zinavyozidi kulegea. Mkubwa ndiye wa mwisho. Mimi huwa katikati ya hao wote na wale wawili wa mwisho, peke yangu, nafasi imeachwa mbele yangu na nyuma yangu. Nikifika mezani naiweka kwenye vishikio vyake viwili, nageuka, nainamisha kichwa, narudi nyuma bila kugeuza mgongo haraka. Ikishalazwa ndio chansela anafungua kusanyiko. Kutoka tunapindua, siwa inatoka mbele na wakubwa wanaifuata, wanaofuzu wanabaki wamesimama.

Ni kama bungeni. Watu wameona kwa TV MCA, wale wajumbe wa mabunge ya kaunti, waking'ang'ania siwa, wamevutana makoti, mwingine anaikumbatia kama mtoto, na wakicheka hawaelewi kwa nini mtu mzima apigane kwa sababu ya kijiti. Ni kwa sababu isipokuwa mezani hakuna kikao, mnachozungumza ni porojo za watu waliokutana. Ni kitu kidogo kinachobeba nguvu ambayo si yake.

Na nguvu yenyewe tunaijua kwa yale maneno. Mkuu wa kitivo anawaita wasimame, elfu na kitu kwa mara moja, na chansela anawapa mamlaka ya kusoma na kufanya yote yanayohusiana na shahada hiyo. Kila mwaka kuna mtu mtandaoni anauliza, kwani walikuwa hawasomi miaka 4 yote? Mimi pia niliwahi kuuliza. Siku ile nilipokuwa nimesimama kando ya meza, siwa iko mbele yangu, niliona kitu ambacho kutoka hemani hauoni. Nyuso. Msichana mmoja wa safu ya pili alifumba macho neno lilipofika kwake, akashika kofia kwa mikono miwili kama anaogopa itaruka. Sekunde kama 3 hivi. Halafu akafumbua na akaketi. Sijui ametoka wapi, sijui ameuziwa ng'ombe wangapi. Nilitamani mama yake angekuwa amesimama pale niliposimama mimi.

Mama yake alikuwa nyuma huko kwa hema, akitazama skrini ambayo jua lilikuwa limeifuta.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda upande, kama niseme ukweli. Kukhu aliamka saa kumi usiku. Walitoka Shinyalu na probox kabla ya mapambazuko kusudi wapate viti. Na kwa siku nzima, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, jambo moja tu alilofanya kwa mdomo wake aliambiwa anyamaze.

Pembe nje ya geti

Baada ya sherehe nilirudisha siwa kwa sanduku lake, nikasaini, nikatoka nikitafuta watu wangu, glovu bado mkononi kwa sababu nilisahau kuvua. Nje ya geti familia fulani ilikuwa imeleta watu wa isukuti. Mnajua vile inakuwa, ngoma 3, kubwa na ya kati na ndogo, njuga, na mtu mmoja na pembe ya paa. Hii ngoma ya Isukha na Idakho, jamii za Waluhya, UNESCO waliiandika mwaka wa 2014 kwa orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, na sisi tuliokua ndani yake hatukujua kama inaweza hata kuisha.

Pembe ikalia.

Siwezi kueleza vizuri. Nilikuwa nimetembea tangu asubuhi na uso wa jiwe, na ile pembe ilipolia uso ukaachia wenyewe, nikalia pale kando ya barabara watu wakinipita na maua. Mtu mzima, glovu nyeupe, nalia. Watu wote waliokuwa wametawanyika wakitafutana kwa simu, mtandao umejaa, hakuna anayempata mwenzake, walianza kusogea kuelekea ile sauti. Binamu yangu alinipata hapo. Kukhu alikuwa ameshaingia katikati anacheza mabega, na shada lake shingoni mwa mjukuu.

Hakuna mtu alimwambia anyamaze.

Neno lenyewe

Wiki ya tatu nilikuwa kantini na mwalimu mmoja wa Kiswahili, mtu wa Pwani ambaye amekaa huku miaka mingi. Nikamwambia yanayonisumbua, na kwamba nafikiria kuandika barua wamtafute mtu mwingine mwaka ujao. Akaniuliza, kwani unajua siwa ni nini? Nikasema ni hii ninayobeba. Akatingisha kichwa.

Akaniambia siwa ni pembe.

Nilidhani sijasikia. Akarudia. Siwa ni lile baragumu kubwa la Waswahili, linapulizwa kwa ubavu, na yale yanayojulikana zaidi ni mawili, siwa ya Pate ya pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba. Ni kubwa, ile ya Pate ni ndefu kuliko mtu. Zilipulizwa kwa mambo makubwa ya mji, mtawala akitawazwa, harusi za wenye miji. Haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Ikilia mji wote unajua kuna jambo. Na wakati mabunge yetu yalipohitaji jina la lile rungu la Kiingereza, watu wa lugha wakatafuta kitu chetu cha enzi chenye uzito sawa, wakaliita rungu siwa.

Nilirudi maabara sikuweza kufanya kazi.

Kwa sababu fikiria. Kitu chenyewe kilitoka kwa silaha, jina lake lilitoka kwa pembe. Kitu cha kupiga kimepewa jina la kitu cha kulia. Mimi natembea nimeshika vyote viwili na havipigi na havilii. Halafu nikasoma tena kuhusu wale wabebaji wa zamani wa vyuo vya Ulaya, waliitwa bedel, na Oxford bado wanao. Kazi yao haikuwa kutembea tu. Walikuwa wanatangaza pia, wanapita madarasani na matangazo ya chuo, ndio waliokuwa mdomo wake. Yaani hata huko kwao aliyetangulia alikuwa na sauti.

Kwa hivyo mimi sidhani tena Kukhu aliingilia chochote. Hili nalisema na nalimaanisha. Siwa ilipita mbele yake imenyamaza na yeye akafanya ile kazi ambayo jina la siwa linaitaka, akaujulisha mji kuna jambo. Kijana wa itifaki simlaumu sana, alipewa karatasi imeandikwa wageni watulie wakati wa maandamano, na mwenye kuandika hiyo karatasi alinakili ya mwaka jana. Lakini inabidi mtu aiguse hiyo karatasi. Nimeomba, kwa barua, na kwa heshima, kwamba mwaka huu siwa ikianza kutembea pembe ilie. Moja tu, ya hapa hapa, mara moja kabla ya bendi. Na kwamba mahema ya wazazi yasogee. Bado sijajibiwa.

Kitu ambacho kilibaki ni mimi. Kwa sababu barua ni rahisi. Lakini bado nilipita.

Mchi

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu hadi Khayega, nikachukua boda hadi kwa Kukhu. Nilimkuta nje anaanika mahindi. Nikaketi kwenye kigoda, nikachelewesha, nikaongea kuhusu mvua, kuhusu bei ya sukari, mwisho nikasema. Kukhu, ile siku nilikusikia. Nilikusikia na sikugeuka na ninaomba unisamehe.

Aliendelea kutandaza mahindi kwa mkono.

"Najua ulisikia," alisema. "Ulikunja midomo. Ulikuwa unaikunja hivyo ukibeba maji kutoka mtoni ukiwa mdogo, nikikuita hukuwa unaitika mpaka utue."

Sikukumbuka hilo. Bado silikumbuki.

Akaniambia wakati wa usichana wake wakipeleka vyakula kwa harusi, mwanamke wa kapu la kwanza hakuwa anasalimia mtu njiani. Watu wangemwita kwa jina, wangemwimbia, wangemtania, watoto wangemvuta kanga, na yeye macho mbele. Wa nyuma ndio waliokuwa wakipiga kelele kwa niaba yake. "Sasa wewe ulitaka tunyamaze wote wawili?" Halafu akasema aliyemuudhi ni yule kijana, na kwamba sherehe ijayo awekwe mbali na yule kijana, si mbali na zulia.

Nikamweleza habari ya pembe. Kwamba siwa huko Lamu ni kitu cha kupuliza. Alinyamaza akifikiri, mkono juu ya mahindi.

"Basi mbona mliiziba?"

Nikasema Kukhu sijui.

Akainuka, akafuta mikono kwa leso, akaenda jikoni. Alirudi na mchi wa kinu, ule mzito, ambao mpini wake umeliwa katikati na mikono yake na ya mama yake. "Nionyeshe inavyoshikwa." Nikamwonyesha, mkono wa kulia juu, wa kushoto nusu ya kijiti, viwiko karibu na mbavu. Nikamwonyesha hatua. Polepole, nikamwambia, halafu punguza tena kidogo.

Mwaka huu anafika 84. Alinyoosha mgongo kwa namna sijawahi kumwona akiunyoosha, akainua mchi ukasimama wima mbele ya uso wake, akaanza kutoka mlango wa jikoni kuelekea getini. Kuku walimpisha. Watoto wa jirani walikuja kwenye ua wakachungulia, mmoja akamwita kwa jina, hakuitika. Alipita mbele ya kigoda changu, karibu kabisa, leso ya kijani ikanigusa goti, macho yakiwa getini, midomo ameikunja.

Nikapiga kigelegele. Nilikipiga chote, mpaka pumzi ikaisha.

Hakugeuka.